Saruji Juu ya Ukuta wa Udongo

Siku yangu ya kwanza kazini, mimi nilidhani nimekuja kubeba maji tu. Kanisa lilikuwa linajenga nyumba ya uzazi kule Mumosho, juu ya mteremko unaotazama mto Ruzizi, na wanawake kumi na wawili tulipangwa mstari, kila mmoja na bidoni yake, dumu la manjano, tukichota kijitoni na kumwaga kwenye shimo la udongo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto mmoja mgongoni na mwingine nimemwacha kwa mama yangu. Mume wangu alikuwa ameenda kuchimba dhahabu Shabunda, na kule akaoa mwingine. Sikumngoja tena.

Mkubwa wa shantie (ndivyo kwetu tunavyoita mahali pa ujenzi) alikuwa mtawa mmoja mzaliwa wa Kalehe, mtu mwembamba, msemaji kidogo, mwenye suruali iliyokatwa magotini. Tulimwita Frere Mjenzi. Asubuhi ile alisimama mbele ya ukuta uliokwisha kufika usawa wa madirisha, akauliza bila kugeuka:

"Kati yenu ba maman, nani alipakaka nyumba ya mama yake?"

Tulicheka. Katika vijiji vyetu vya Bushi, nchi ya Washi, msichana gani hakupaka nyumba ya mama yake? Kila mwaka, mvua zikipungua, tulikandika kuta kwa udongo na mavi ya ng'ombe mpaka viwiko vikauma. Lakini kusema hivyo mbele ya wale wamasoni, waashi wenye miko ya chuma na kofia, ilikuwa kama kujitangaza mtu wa nyuma. Wenzangu walitazama chini. Mimi nilinyoosha mkono, na sitawadanganya: mtoto alikuwa mzito mgongoni, nikatumaini nitaambiwa niketi.

"Njo hapa. Jina yako?"

"Nsimire, Frere."

"Nsimire, mama yako alikuwa anatiaka nini mu ile udongo?"

"Muchanga kidogo ya kijito, majani ya kukatakata, na mavi ya ng'ombe. Kisha tunaiacha siku ine, tano, mpaka inanuka."

"Ju ya nini munaacha inanuka?"

"Sijue, Frere. Kama hainuke, inapasuka ku ukuta."

Ndipo alipogeuka, akawatazama wamasoni wake. "Munasikia? Huyu anajua kitu. Ile ya ju ya nini, mimi nitamufundisha. Nyinyi munajua ju ya nini, lakini mikono haijue."

Nikaweka bidoni chini. Toka siku hiyo sikubeba tena maji ya mtu mwingine.

Miezi sita ya Mumosho ndiyo ilikuwa shule yangu. Frere Mjenzi alinifundisha kwanza kuujua udongo kabla ya kuugusa kwa kazi. Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi, haujengi. Ule ni wa chakula. Unaondoa huo, unachimba mpaka ukutane na mwekundu au wa kahawia, na huo ndio unaoupima. Kipimo cha kwanza ni cha chupa ya kioo. Unatia udongo nusu, unajaza maji, unatikisa kwa nguvu, unaiacha itulie mpaka kesho. Mchanga unashuka chini, vumbi laini linakaa katikati, na udongo wa mfinyanzi, yaani ile sehemu inayonata, unabaki juu kabisa kama mafuta ya supu. Kipimo cha pili ni cha kiganja. Unaviringisha udongo mbichi kama kidole kirefu, unausukuma polepole nje ya mkono. Ukikatika mara moja, mchanga umezidi. Ukining'inia bila kukatika, mfinyanzi umezidi, na matofali yako yatapasuka yakikauka.

Tofali lenyewe tuliita adobe. Ni tofali la udongo na majani makavu, linalopigwa kwenye kalibu ya mbao na kukaushwa tu, bila moto. Hilo neno "bila moto" lilikuwa muhimu sana kwa Frere. Alikuwa ameona milima ya utoto wake ikibaki upara, kwa sababu kila tanuru la matofali ya kuchoma linakula mikaratusi kama ng'ombe anavyokula majani. "Udongo haiombe moto," alikuwa akituambia. "Inaomba uvumilivu." Wiki nne tuliyakausha chini ya kivuli cha majani, tukiyageuza upande kwa upande, kisha tulilaza tofali moja juu ya mawe mawili na mwashi mzito kuliko wote akasimama juu yake. Likivunjika, rundo zima linarudi shimoni.

Na ile ju ya nini, yaani sababu yake, alinifundisha kweli. Majani na mavi vikioza ndani ya udongo vinatoa utomvu kama gundi; ndiyo maana unasubiri harufu.

Siku moja, kabla hatujamaliza, alinichukua kwenda kwa katekista mzee aliyeishi jirani. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, lakini mtoto wake wa mjini alikuwa amemletea saruji, sima kama tunavyoiita Bukavu, ikapakwa nje ili ionekane ya kisasa. Frere aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukatoa sauti ya debe tupu. Akaingiza ncha ya mwiko katika ufa, akavuta, na bamba la saruji pana kama sinia likatoka mkononi mwake. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa, unameremeta.

"Sima ni ngumu, haitembee," akaniambia. "Udongo inavimba mu mvua, inajikaza mu jua. Hizi mbili haziwezi kuoana. Sima inapata ufa mudogo kama unywele, maji inaingia, na haipate njia ya kutoka. Ukuta inaoza ndani na inje iko inang'aa. Umeona?"

Niliona. Kumbukeni kwamba niliona.

Kutoka Mumosho tulipelekwa Kalehe, kujenga madarasa karibu na ziwa. Kule nilijifunza kwamba maji ya chini ni adui mkubwa kuliko mvua. Tulijenga msingi wa mawe meusi uliopanda hadi magotini kabla ya kulaza tofali la kwanza, na kuzunguka nyumba tukachimba mifereji iliyojazwa kokoto. Juu ya kuta tulifunga mshipi wa mbao nzito, ulioshikana pembe kwa pembe, kwa kuwa ardhi yetu ya Kivu inatikisika mara kwa mara, na nyumba isiyo na mshipi inafunguka kama boksi la karatasi. Frere mwenyewe alipanda juu kukagua kila pembe, akigonga kwa nyundo na kutega sikio.

Kisha ikawa Luhwindja, nyumba za walimu. Wanaume wa kule ni watu wa dhahabu, na waliponiona juu ya jukwaa nimevaa suruali chini ya kikwembe, kitenge changu, walinipigia miluzi siku nzima. Mchimbaji mmoja wa makamo ndiye aliyewanyamazisha. Alikuja, akachukua udongo wangu kwa vidole, akautia mdomoni, akatafuna chembe kwa meno ya mbele na kutema. "Huyu maman anachagua udongo muzuri kuliko sisi," akasema. "Nyinyi munaosha mulima muzima na hamujue munaosha nini." Mpaka leo, nikiwa sina chupa, napima kwa meno.

Frere Mjenzi alizeeka, akaitwa kwenye nyumba ya watawa kupumzika. Nilimtembelea mara kadhaa. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, lakini kila mara aliniuliza nimepaka wapi na kwa udongo wa wapi, kama mtu anayeuliza habari za wajukuu. Alifariki kabla ya mambo ninayotaka kuwaeleza, na mara nyingi nimefikiri ilikuwa heri.

Mimi nilihamia Bukavu. Injinia mmoja kijana, aliyesoma mbali na kurudi, alikuwa amefungua ofisi ya kujenga nyumba za vifaa vya asili: udongo, mawe, mianzi, mbao. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivi mapema kwa sababu mtasikia mengine. Alituletea kofia ngumu na glavu, alitusalimia kwa majina, na mwezi wa tatu aliniita mbele ya wafanyakazi wote, akasema: "Kuanzia leo Maman Nsimire ndiye shefu wa krepi." Krepi ni ile ngozi ya ukuta, lipu ya nje na ya ndani. Chini yangu kulikuwa na wanaume saba. Mjini kote sikumjua mwanamke mwingine mwenye cheo hicho. Nilinunua daftari lenye jalada gumu, nikaandika ukurasa wa kwanza: Nsimire, Shefu. Watoto wangu walisoma wakacheka kwa furaha.

Nawaambia habari ya cheo hicho kwa sababu ndicho kilichonifunga mdomo.

Mteja wetu wa mwaka wa pili alikuwa Papa Prefe; prefe kwetu ni mkuu wa shule. Alikuwa ameongoza shule ya sekondari miaka mingi, sasa amestaafu, na alikuwa na kiwanja kwenye mteremko upande wa Muhungu. Alikuja ofisini na fimbo yake na mkewe, Maman Feza, akasema maneno niliyopenda mara moja: "Miaka yote nimefundisha watoto kwamba tunamaliza miti. Sitaki kulala ndani ya nyumba iliyochoma musitu." Alitaka msingi wa mawe, kuta za adobe, dari ya mianzi. Tulimjengea. Tofali zilikuwa nzuri, mshipi ulikuwa imara, paa lilichomoza nje mkono mzima ili mvua isipige sana ukuta. Siku za kazi Papa Prefe aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, akisahihisha Kifaransa cha wamasoni.

Shida ilikuja wakati wa krepi. Udongo wangu ulikuwa shimoni unaoza vizuri, siku ya sita, harufu imefika barabarani. Patrick, mtoto wa kwanza wa Papa Prefe, akafika na gari la kazini kwake. Alikuwa mtu wa ofisi, shati jeupe, viatu vinavyong'aa. Alifunika pua.

"Papa, hii ni nini? Watu wote wa hapa wananijua. Watasema Patrick ameshindwa kununulia baba yake sima."

Papa Prefe alijibu kwamba watu watasema wapendavyo. Lakini Patrick hakubishana na baba yake. Alienda kubishana na Injinia, tena kwa upole, huku akiahidi kuwaleta wakubwa wake waione nyumba wakati wa ufunguzi. Injinia alifikiri siku mbili. Siku ya tatu aliniita kando ya shimo.

"Maman Nsimire, inje tutapiga sima. Ndani tutaacha udongo yako."

"Injinia, sima juu ya udongo haishike."

"Tutaweka waya za chuma na misumari. Itashika."

"Maji itaingia nyuma yake."

"Itapita wapi, Maman? Sima haipitishe maji."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na nyumba ya katekista kichwani, bamba pana kama sinia, na udongo unaometameta. Ningeweza kumwambia: njoo, twende Mumosho kesho, nikuonyeshe. Lakini wanaume wangu saba walikuwa wanatazama, na yeye alikuwa Injinia na mimi nilikuwa mwanamke wa bidoni. Nikasema, "Sawa, Injinia."

Papa Prefe aliambiwa kwamba saruji italinda udongo wake. Akaniuliza mimi, si Injinia: "Ni kweli, Maman?" Nikasema wakubwa wameamua hivyo. Hilo halikuwa jibu, naye alikuwa mwalimu, alijua kwamba halikuwa jibu. Lakini aliniamini.

Nilipaka saruji ile kwa mikono yangu. Iliteleza laini kama sahani. Wageni walikuja, wakapiga picha, Patrick akanipa mkono. Baada ya hapo, kila nilipokuwa na safari ya upande ule, nilipitia njia nyingine.

Mvua za mwaka wa kwanza zilipita, na za mwaka wa pili zikafika katikati. Jumatano moja, saa tano asubuhi, Maman Feza alinipigia simu.

"Maman Nsimire, chumba yetu inanuka unyevu. Na ukuta ya inje imeota tumbo."

Nilipanda pikipiki. Nilipofika, Maman Feza alinipeleka nyuma ya nyumba, na kweli ukuta wa chumba chao cha kulala ulikuwa umevimba kwa chini, kama mtu aliyeshiba upande mmoja. Niligonga kwa kifundo cha kidole. Debe tupu. Nikatoboa shimo dogo kwa mwiko, na udongo ukatoka wenyewe, laini, kama uji wa mtoto. Nikaingia chumbani. Kitanda chao kilikuwa kimeegemea ukuta uleule.

"Maman, mutoke," nikamwambia. "Papa iko wapi?"

"Iko anasoma sebuleni."

"Mutoke wote. Sasa hivi. Mubebe makaratasi na madawa, vingine tutarudilia."

Papa Prefe hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alitaka kujua sababu, alitaka kutafuta miwani, alitaka kumaliza ukurasa. Nilimshika mkono, kitu ambacho sikuwahi kufanya, nikamtoa nje kama anavyotolewa mgonjwa. Majirani walitusaidia kutoa magodoro. Mvua ilianza saa nane. Saa tisa na nusu, tukiwa barazani kwa jirani, tulisikia mlio mzito, usio mkali, kama gunia kubwa lililotupwa chini. Ukuta wa chumba ulikuwa umelala juu ya kitanda. Mshipi wa mbao ulibaki juu umeshika paa. Nyumba yote ilibaki imesimama, ila imefunguka upande mmoja, na nguo za Maman Feza zilionekana zimetundikwa kwenye misumari.

Papa Prefe alitazama muda mrefu. Maman Feza alianza kusali kwa Kimashi, lugha yetu ya nyumbani, chinichini.

Kesho yake asubuhi Injinia alifika. Alizunguka nyumba mara mbili, akaona jambo: Papa Prefe alikuwa amesogeza bomba la paa ili lijaze pipa lake, na maji yalikuwa yakimwagika kidogo karibu na pembe ile. Akaniita pembeni, uso wake umekauka.

"Ni bomba. Si unaona? Alisogeza bomba bila kutuuliza. Tutaeleza familia hivyo, na wewe utathibitisha. Wewe ndiye shefu wa krepi, watakuamini."

"Injinia, bomba imesaidia. Lakini pembe zingine bomba haifike, na nazo zinalia debe. Nimegonga zote."

"Maman, ofisi itakufa. Unajua watu wangapi wanakula kwa hii ofisi? Na watu watasema nini ya udongo? Watasema nyumba za udongo zinaua. Kazi yote tumefanya itapotea."

Huo ndio ulikuwa uzito wa jambo, na sikuwa na dharau kwa hofu yake. Mimi pia nilikuwa na watoto wawili shuleni. Na alisema kweli: mjini, habari ya ukuta mmoja ulioanguka inatembea kuliko habari ya kuta mia zilizosimama. Lakini nilipofikiri hivyo niliona kwamba tukitaja bomba, ni udongo utakaolaumiwa, kwa kuwa nani atauliza habari ya saruji? Saruji ingebaki na heshima yake, na familia nyingine zingelala chini ya kuta kama ile.

Familia ilikuwa imeketi barazani kwa jirani: Papa Prefe, Maman Feza, na Patrick aliyekuja mbio bila koti. Injinia alianza kueleza kwa Kifaransa kizuri, bomba, maji, pembe. Kisha akanitazama.

Nilisimama. Nilisema kwa Kiswahili.

"Papa Prefe, bomba haiko na makosa kubwa. Ni sima. Udongo iliyofunikwa na sima inaoza. Kuta zote za inje zinaanza kuoza, tusipotoa ile sima zitaanguka."

Patrick akauliza kwa sauti ndogo: "Ile sima mimi niliomba?"

"Ile."

Papa Prefe hakumtazama mtoto wake. Alinitazama mimi.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, Papa."

"Tangu lini?"

"Tangu mbele sijaanza kazi hapa. Frere wangu alinionyesha."

"Na ulipaka."

"Nilipaka."

Alinyanyuka kwa fimbo yake, akaingia ndani ya nyumba ya jirani, akafunga mlango. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Injinia hakunifukuza. Tulirudi kwa gari lake, na tulipofika ofisini nikampa glavu na kofia, na yeye akazipokea. Mwezi uliofuata alipata shefu mwingine. Miaka mitatu baadaye tulikutana sokoni, akanisalimia kwanza, akaniambia kwamba ofisi yake haipigi tena saruji juu ya udongo. Nikamshukuru.

Siku ya nne baada ya ukuta kuanguka, nikiwa nyumbani sina la kufanya, Maman Feza alikuja mwenyewe kwa miguu. Hakukubali kuketi.

"Papa anauliza, ile udongo iliyoanguka, tuitupe?"

"Apana, Maman! Musitupe. Ile ni tofali. Unailoweka, unaikanyaga, inarudi tofali."

"Basi anasema uje uirudishe."

Huo ndio ulikuwa msamaha wangu, na sikupata mwingine. Nilikwenda kesho yake. Kwanza, mimi na majirani, tulitoa saruji kuta zote za nje, bamba kwa bamba, tukaacha nyumba uchi ikauke hewani wiki kadhaa. Kisha tukachimba shimo uani, tukatupa ndani ukuta ulioanguka, tukamwagia maji. Tofali la kuchoma likivunjika linabaki kifusi. Saruji ikivunjika haina kazi tena. Udongo peke yake ndio unaokupa nafasi ya pili, na siku ile niliutazama ukilainika majini nikalia kidogo, nikajifanya jasho limeingia machoni.

Jumamosi iliyofuata Patrick alifika. Alivua viatu, akakunja suruali ya ofisini, akaingia shimoni bila kuambiwa. Udongo ulimfika katikati ya miguu. Hakujua kukanyaga, alikuwa anaruka kama anayekimbia siafu.

"Taratibu," nikamwambia. "Kisigino kwanza."

Alikanyaga mpaka jioni. Baba yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo magotini, akitutazama. Karibu na magharibi ndipo aliposema neno la kwanza kwangu tangu siku ya ukuta: "Maman Nsimire, kwa Kifaransa hiki kitendo kinaitwa malaxer." Nikarudia. Akanisahihisha. Nikarudia tena, akaridhika.

Ukuta ulirudi, na krepi ya udongo ikapakwa nyumba nzima, ndani na nje, na juu yake maji ya chokaa. Nyumba sasa ni nyeupe. Kila baada ya mvua kubwa unaurekebisha hapa na pale, na hiyo si aibu. Hata mwili wa mtu unaoshwa. Papa Prefe aliishi humo miaka tisa mingine, akafia humo kwa uzee, kitandani mwake, na Maman Feza bado yumo.

Mimi sikutafuta tena ofisi. Nilikusanya wanawake wanane, baadhi wajane, tukapaka nyumba za watu na shule, Bukavu na vijiji vya pembeni. Tulikuwa na sheria moja: yeyote kati yetu, hata aliyekuja jana, akiona kosa, kazi inasimama mpaka asikilizwe. Ilituchelewesha mara nyingi. Wateja wengine walitukimbia. Tulipaka hivyo miaka kumi na moja, mpaka magoti yangu yakakataa jukwaa.

Sasa nimestaafu, kama mtu wa udongo anaweza kusema amestaafu. Vijana wanaosoma ujenzi wananijia na simu zao, wananiuliza vipimo: mchanga kiasi gani, mavi kiasi gani, siku ngapi. Ninawajibu, wanaandika. Lakini vipimo sivyo vilivyonishinda. Vipimo nilivijua vyote. Kilichonishinda ni sentensi moja ambayo ingechukua nusu dakika kuisema kando ya shimo, na ambayo nilipoisema baadaye ilinichukulia kila kitu nilichokuwa nacho. Hilo hawaandiki, nami siwalazimishi.

Mwezi uliopita Patrick alikuja kunichukua. Yeye naye ana mvi sasa. Amepata kiwanja upande wa Kabare na anataka kujenga nyumba ya udongo, yote, bila tofali moja la kuchoma. Njia nzima alikuwa akinieleza vyumba, baraza, dari ya mianzi. Alikuwa ameshachora. Alikuwa amechimba hata shimo la kupima, refu mpaka kiunoni, na alinionyesha kwa fahari.

Nilishuka shimoni kwa shida, yeye akinishika bega. Nilichukua udongo kutoka juu, kutoka katikati, kutoka chini kabisa. Wote ulikuwa mweusi, mwepesi, wenye unyevu na harufu nzuri ya majani yaliyooza. Nikatia chembe kidogo kati ya meno. Nikajua mahali pale palikuwa kinamasi zamani, kikajaa polepole.

"Hapana, Patrick," nikasema.

"Maman, tukiongeza muchanga?"

"Hapana. Haitajenga, na haitabeba nyumba ya udongo wala ya mawe. Itazama."

"Maman, mimi nimeshachora kila kitu. Mke wangu ameshachagua mahali pa jiko."

Nilitazama michoro mkononi mwake. Ilikuwa nyumba nzuri. Nilikuwa nimeingoja nyumba kama ile tangu nilipokuwa na miaka ishirini na sita, na tena kutoka kwa mtu huyu.

"Hapana," nikasema mara ya pili. "Hapa utapanda maharage, na yatazaa sana. Nyumba tutaitafutia kule juu."

Alitazama shimo lake. Kisha alikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akanipa mikono yote miwili kunitoa. Nilipumzika kidogo kwa ajili ya magoti. Halafu tukaanza kupanda mlima, polepole, yeye mbele na jembe, mimi nyuma nikitazama rangi ya udongo njiani.